Kobla ya matunda nyumbani Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wakisikia habari za kuoka huanzia kwenye unga: unga gani, vikombe vingapi, beking pauda kiasi gani. Kwa kobla, anzia sokoni. Matunda uliyoyapata ndiyo yanayoamua sukari, ndimu, wanga na hata muda wa kukaa kwenye moto. Unga wa juu ni kazi ya dakika kumi na hauna ujanja mwingi.

Kobla ni kitu gani hasa?

Ni matunda yaliyokatwa, yakatiwa sukari na ndimu, yakapangwa kwenye bakuli la kuokea, kisha yakadondoshewa juu madonge ya unga uliochanganywa na siagi na maziwa. Vyote vinaiva pamoja. Chini matunda yanachemka na kutoa rojo, juu unga unaumuka na kupata rangi ya kahawia. Pai ina unga uliosukumwa na kutandazwa; kobla haina unga chini kabisa, na juu haitakiwi kuwa laini wala kunyooka.

Pishi hili lina asili ya Marekani na lilishajulikana huko katikati ya karne ya 19. Wengi hawakuwa na oveni. Walipika kwenye vyungu vizito vya chuma, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Kwa hiyo mwenye sufuria na jiko la mkaa Chang'ombe au Kikuyu asijione anabahatisha. Ndiyo njia ya wenyewe.

Nitumie matunda gani?

Yaliyo kwenye msimu na yenye uchachu kidogo. Video za mtandaoni zimejaa matunda madogo ya baridi yanayouzwa hapa kwenye vifurushi vya kugandishwa, na bei yake unaijua. Achana nayo. Pita Majengo, Sabasaba au soko la Job Ndugai kule Nzuguni, uone kilichojaa kwenye matenga siku hiyo.

Embe zikianza kumiminika mwishoni mwa mwaka, hapo hakuna mjadala. Chukua dodo au bolibo iliyoiva lakini bado inakaza ukiibonyeza. Iliyolainika sana inageuka juisi, na yenye nyuzi nyingi utakula huku unachokonoa meno. Nanasi ni zuri mwaka mzima, ila lina maji mengi: likate, linyunyizie sukari, liache nusu saa kwenye chujio, na maji yanayotoka unywe. Mafyulisi na plamsi kutoka Lushoto yakifika mjini yanunue bila kusita, maana hayo ndiyo jamaa wa karibu kabisa wa matunda wanayotumia Wamarekani.

Papai peke yake linapooza. Lina utamu lakini halina ukali, kwa hiyo litie ndimu mara mbili ya kawaida na tangawizi ya kukuna, au lichanganye na pasheni. Ndizi mbivu zinafaa ukizikata vipande vinene na kuzitia maji ya ukwaju. Mapera ni matamu mno kwa harufu, lakini toa kwanza ile sehemu ya katikati yenye mbegu. Zambarau zinatoa rangi ambayo hakuna tunda jingine linaifikia. Kazi ni kutoa kokwa, na vidole vitabaki na rangi hiyo mpaka kesho yake. Maepo yanafaa pia, yakatwe vipande vyembamba kwa sababu yanachelewa kulainika.

Tikiti, hapana. Karibu lote ni maji.

Zabibu zetu zina mbegu. Inawezekana kweli?

Inawezekana, na kwa maoni yangu kobla ya zabibu ndiyo sababu ya mtu wa Dodoma kujifunza pishi hili. Mizabibu ya huku huvunwa mara mbili kwa mwaka, mapema mwaka na tena kati ya Agosti na Septemba, kwa hiyo una nafasi mbili za kuipatia.

Kwanza angalia ni zabibu za aina gani. Zile za mezani, punje kubwa na ngozi nyembamba, zipasue katikati kwa kisu kidogo na uzitoe mbegu kwa ncha yake. Kilo moja itakula muda, basi waite watoto wasaidie, ukikubali kwamba robo ya kilo itaishia midomoni mwao.

Zabibu za mvinyo kama Makutupora Red zina punje ndogo na ngozi nzito, na ukisema uzipasue mojamoja utakesha. Hizo zioshe, zitoe kwenye vikonyo, zitie kwenye sufuria bila maji na uziponde kidogo kwa mwiko. Zikipata moto mdogo, kwa dakika chache utaona juisi inapanda, nyeupe yenye ukungu mwanzoni, halafu ngozi zinaachia rangi na sufuria zima linageuka zambarau iliyokolea. Ziache zichemke kama dakika 10. Mimina kwenye chujio la chuma juu ya bakuli, usugue kwa mgongo wa mwiko mpaka kibaki kitu kikavu cha mbegu na mabaki ya ngozi. Usizisage kwenye blenda. Mbegu zikivunjika zinatoa uchungu unaokaukia ulimini, na sukari haiuondoi.

Utakachopata ni rojo jepesi lenye ladha kali. Lenyewe tupu halitoshi kuwa kobla, hivyo liongezee kitu cha kutafuna: zabibu za mezani zilizopasuliwa, vipande vya epo, au peazi. Onja kabla ya kutia sukari. Zabibu za kuchelewa kuvunwa huwa tamu sana na ukifuata kipimo cha kawaida utaharibu.

Nipe vipimo, basi.

Kwa bakuli la sentimita 20 kwa 30, watu 6 hadi 8. Matunda kilo 1 yakiwa yameshamenywa. Sukari gramu 100, yaani karibu nusu ya kikombe cha robo lita. Wanga wa mahindi vijiko 2 vya chakula, maji ya ndimu kijiko 1 cha chakula, chumvi chembe. Iliki au mdalasini upendavyo. Iliki na embe, mdalasini na epo, karafuu kidogo sana na zabibu.

Unga wa juu: unga wa ngano gramu 200, sukari vijiko 3 vya chakula, beking pauda vijiko 2 vya chai, chumvi robo kijiko cha chai, siagi baridi gramu 80, mtindi au maziwa mililita 150.

Changanya sukari na wanga vikiwa vikavu kwanza, ndipo uvitie kwenye matunda na ndimu. Wanga ukiutia peke yake kwenye matunda yenye maji unaganda mabonge. Panga kwenye bakuli. Kisha changanya vikavu vya unga, utie siagi na kuisugua kwa ncha za vidole mpaka unga uwe chengachenga na vipande vichache vya siagi bado vinaonekana. Mimina mtindi, koroga kwa uma mara chache tu. Unga unaotakiwa ni mlaini kuliko wa maandazi na mzito kuliko wa vitumbua. Udondoshe kwa kijiko juu ya matunda, ukiacha nafasi kati ya donge na donge ili mvuke upite. Nyunyizia sukari kidogo juu. Oka kwenye nyuzi 190 kwa dakika 40 hivi.

Dada, mimi sina oveni. Jiko langu ni la mkaa.

Karibu. Tafuta sufuria kubwa yenye kitako kinene na mfuniko wa bati ulio bapa, wenye ukingo ulioinuka kidogo. Sinia la zamani linafaa vizuri. Weka ndani mchanga mkavu unene wa kidole, au mawe matatu madogo yanayolingana. Bakuli la kobla, la bati au la aluminiamu, likae juu yake bila kugusa kuta. Pasha sufuria tupu ikiwa imefunikwa kwa dakika kumi kabla ya kuingiza bakuli.

Siri iko kwenye kugawa makaa. Watu huweka mengi chini kwa mazoea ya kupika wali. Hapa theluthi moja ikae chini na theluthi mbili uzipalie juu ya mfuniko, kwa sababu matunda yenye sukari yanashika chini haraka na unga unahitaji joto la juu ili upate rangi. Kila baada ya dakika kumi zungusha sufuria robo mzunguko, maana jiko la mkaa halichomi sawa pande zote. Usifunuefunue. Ukifunua, inua mfuniko ukiwa umelala sawa, kwa koleo au vitambaa viwili, uuweke kando bila kuuinamisha. Majivu yakishaingia kwenye rojo hayatoki.

Hesabu dakika 45 hadi saa nzima. Na jiko likae nje au barazani. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari, hewa yake inaua bila harufu ya kukutahadharisha.

Na jiko la gesi la plate mbili?

Njia ya mchanga inawezekana ila juu patabaki peupe, kwa kuwa joto lote linatoka chini. Mimi nashauri njia nyingine: pika matunda kwenye sufuria mpaka rojo liwe zito. Unga uupunguzie maziwa kidogo, utengeneze madonge bapa, na uyaivishe kwenye kikaango kikavu chenye mfuniko kwa moto mdogo, ukigeuza pande zote mbili. Yapange juu ya matunda yakiwa bado ya moto. Mmarekani anaweza kulalamika, lakini mezani hakuna atakayebakiza.

Rojo limekuwa maji matupu. Kwa nini?

Kuna sababu tatu, na mara nyingi ni ile ya kwanza: imetolewa mapema. Wanga hauzitoi nguvu zake mpaka uchemke kweli. Usitoe kobla kwa kutazama rangi ya unga tu. Tazama rojo kwenye kingo na kwenye zile nafasi kati ya madonge. Mapovu membamba yanayopasuka haraka ni maji bado; subiri mpaka yawe mazito, yanapanda taratibu na kupasuka kwa uvivu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, kwa hiyo ipe dakika tano za ziada za kuchemka.

Sababu ya pili ni kupakua ikiwa bado inafuka. Iache nusu saa, rojo hukaza likipoa. Ya tatu ni matunda yenye maji mengi kuliko kipimo cha wanga, hasa nanasi na embe zilizopitiliza. Ongeza kijiko kimoja.

Sina wanga wa mahindi.

Tumia unga laini wa muhogo, vijiko 3. Rojo halitang'aa sana lakini litashika. Unga wa ngano nao unafaa kwa kipimo hichohicho, ila ladha yake huonekana kidogo.

Kingine ambacho watu wa Dodoma tunacho bila kukifikiria ni ubuyu. Unga wake una uchachu na una kile kinachogandisha jemu, kwa hiyo unafanya kazi ya ndimu na unasaidia ile ya wanga kwa pamoja. Kijiko 1 kikubwa cha unga wa ubuyu mweupe, ule usiotiwa sukari wala rangi, kwenye embe au papai, na ndimu unaiacha kabisa.

Juu pameiva, lakini nikikata, unga ni mbichi kwa chini.

Madonge yalikuwa makubwa au yalibanana. Pia inasaidia sana kupasha matunda kwanza: yaweke kwenye moto peke yake dakika 10 hadi 15, ndipo udondoshe unga juu yakiwa ya moto. Sehemu ya chini ya unga inaanza kuiva papo hapo badala ya kukaa inalowana. Ukitaka kuhakikisha, chomeka kijiti cha meno katikati ya donge la katikati. Kitoke kikavu. Donge la pembeni litakudanganya.

Unga umekuwa mgumu, unatafunika kama chapati ya juzi.

Umeukanda. Mkono uliozoea chapati na maandazi haupendi kuacha unga ukiwa na mabonge, lakini hapa ndipo pa kuuzuia. Ukishaona hakuna unga mkavu chini ya bakuli, acha. Na kama umetumia maziwa ya moto yaliyoyeyusha siagi, matokeo ni hayohayo.

Hali ya hewa ya Dodoma inabadilisha chochote?

Ndiyo, mambo mawili madogo. Kiangazi, kuanzia Mei hadi mvua zinapokaribia, hewa ni kavu na unga nao unakuwa mkavu. Unakunywa maziwa zaidi, ongeza kijiko kimoja au viwili mpaka udondoke vizuri. Na mchana wa Oktoba siagi haibaki baridi mkononi hata dakika tano. Ikate vipande, irudishe kwenye friji, uioke kobla asubuhi au baada ya jua kuzama. Asiye na friji aweke kikopo cha siagi ndani ya maji ya mtungi kabla ya kuanza.

Naweza kutumia mafuta ya alizeti badala ya siagi?

Unaweza. Mililita 60 zinatosha, uzichanganye na mtindi kabla ya kumimina kwenye unga. Utapata juu palaini, karibu na keki, bila ule ukavu unaovunjika wa siagi. Ladha ya alizeti isiyosafishwa sana, ile ya kukamuliwa Singida na huku kwetu, inasikika. Pamoja na ndizi au epo inapendeza, pamoja na zabibu inagombana. Siagi ya kopo ya kupaka mkate nayo inafaa, ila nyingi zimeshatiwa chumvi, usiongeze.

Unga wa mtama au uwele je?

Robo ya unga wa ngano uwe mtama, isizidi. Mtama na uwele havina ule utando unaovuta unga wa ngano, kwa hiyo ukizidisha madonge yatasambaratika kwenye rojo. Kwa kiasi hicho kidogo unapata rangi nzuri na ladha ya nafaka iliyokaangwa, na kwa embe sijaona kinachoizidi. Uwele uwe wa kusagwa karibuni. Ukikaa, mafuta yake huharibika na unga unakuwa mchungu.

Magadi au hamira badala ya beking pauda?

Magadi ya kuchemshia maharage, hapana: unga utakuwa wa manjano na ladha ya sabuni. Hamira inataka muda wa kuumuka, na muda huo matunda yanaendelea kutoa maji. Nunua kopo dogo la beking pauda, litakaa. Ukitilia shaka la zamani, tia kijiko cha chai kwenye maji ya moto. Lisipotoa povu la nguvu, lipeleke jalalani.

Asali badala ya sukari?

Asali ya Manyoni ni nzuri sana kwenye matunda. Tia robo tatu ya kipimo cha sukari, ongeza wanga nusu kijiko kwa kuwa asali ina maji yake, na punguza moto kidogo, maana asali inawahi kuungua. Usidhani lakini kwamba kobla hiyo sasa ni ya mgonjwa wa kisukari. Asali ni sukari, matunda yana sukari, na unga mweupe nao unageuka sukari mwilini. Aliyepewa utaratibu wa chakula hospitali aufuate huo.

Umeme ukikatika katikati ya kuoka?

Usifungue mlango wa oveni. Ikiwa imeshapita nusu saa, joto lililobaki linaweza kumalizia kazi kwa dakika 15 hadi 20. Ikiwa ndiyo kwanza imeingia, washa mkaa upesi na uihamishie kwenye sufuria. Kuiacha kwenye oveni inayopoa ukisubiri umeme ni kupoteza nguvu ya beking pauda. Ikirudi motoni haiumuki tena.

Naweza kutia mvinyo wa Dodoma?

Vijiko viwili vya mvinyo mwekundu mkavu kwenye zabibu au plamsi vinakoleza. Ila waambie wageni kabla hawajala. Si kweli kwamba pombe yote huisha kwenye moto.

Nataka kumpelekea mama Dar kwa treni ya SGR.

Kobla iliyookwa haipendi safari, rojo linapanda na kulowesha unga. Pika matunda na wanga mpaka yawe mazito, yapoe, yatie kwenye chombo kinachofunga vizuri. Unga mkavu uliokwisha kusuguliwa na siagi uweke kwenye mfuko mwingine. Ukifika unatia mtindi, unadondosha, unaoka, na mama anakula ikiwa ya moto.

Inakaa siku ngapi?

Ikifunikwa, mpaka kesho yake asubuhi nje ya friji, isipokuwa ile miezi ya joto kali. Kwenye friji siku tatu. Ipashe kwenye oveni au kikaango chenye mfuniko. Maikrowevu inaufanya unga uwe mpira.

Inaliwa na nini?

Mtindi mzito wa baridi, usiotiwa sukari. Aiskrimu ikiwepo, sawa. Kwa chai ya maziwa yenye tangawizi inakwenda pia, lakini chai isiwe na sukari nyingi.